Mwalimu wa Matembezi ya Jumamosi

Nilimjua kwa mifuko yake kabla sijaizoea sura yake. Mimi ni fundi cherehani, na fundi huwajua watu kwa mahali nguo zao zinapochakaa. Karani huchakaza viwiko. Mwenye duka huchakaza makalio. Mpanda baiskeli hula mguu mmoja wa suruali, ule wa upande wa mnyororo. Mwalimu alichakaza mifuko. Kila baada ya miezi miwili au mitatu alikuja kibarazani kwangu mjini Kisii, kaptula ya kaki kaikunja kwapani, na mifuko yote miwili imetoboka kana kwamba imeliwa na panya.

"Fundi, nitilie mifuko ya turubai," aliniambia mara ya kwanza. "Na iwe mirefu, ifike karibu na goti."

"Unabeba nini, Mwalimu? Misumari?"

Alitoa alivyokuwa navyo, akavipanga juu ya meza yangu ya kukatia: donge la mavi ya chuma kutoka mahali palipokuwa na mhunzi zamani, vigae vya chungu chenye mistari, miiba ya nungunungu, shungi la manyoya meupe ya mbega, na jino kubwa ambalo yeye mwenyewe hakujua ni la mnyama gani. Kila kimoja alikieleza kilipookotwa na jina la kijito kilicho karibu. Wateja wawili walingoja, wakachoka, wakaenda zao. Mimi sikuwaona wakiondoka.

Babu yangu alifika Kisii kwa biashara, akaoa hapa hapa, na sisi wajukuu tulizaliwa mjini tukikisema Kiswahili nyumbani na Ekegusii cha sokoni. Nilidhani naijua Kisii. Siku ile niligundua kwamba nilichojua ni barabara moja, msikiti mmoja na soko.

"Jumamosi tunatembea," alisema akikusanya vitu vyake. "Njoo. Viatu uviache nyumbani, vitakudanganya."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika matembezi yake, miaka michache kabla ya vita.

Tulikutana Daraja Mbili jua likianza kuchomoza. Mara nyingi tulikuwa watatu: yeye, mimi, na kaka wa mkewe, ambaye alikuwa shemeji yake na mwisho akawa Shemeji wa kila mtu, hata mimi nisiye na undugu naye. Shemeji alikuwa mkulima mrefu, mpole, mwenye koo la ajabu. Aliweza kumwita kwale mpaka kwale akatoka majanini kumtafuta mwenzake. Kutoka Daraja Mbili tulipanda kuelekea Manga, au tuliteremka upande wa Suneka, au tulifuata mto Gucha mpaka miguu ikatae. Hatukuwa na ng'ombe tuliowafuata, wala matanga, wala ujumbe wa kupeleka. Hilo ndilo lililowashangaza watu. Wanawake waliinua migongo yao mashambani wakatuuliza, "Mmepoteza nini?"

"Bado hatujajua," Mwalimu aliwajibu, na hakuwa akitania.

Alitembea polepole mno. Aliweza kusimama mbele ya mti mmoja muda wa kushona kola mbili. Hakupita nyumba bila kuamkia, na baada ya maamkizi swali lake la kwanza lilikuwa lile lile: kijito hiki kinaitwaje? Na kabla ya jina hilo kiliitwaje? Alikuwa na ujanja wake wa kuwahoji wazee. Alijua kwamba mzee akiulizwa moja kwa moja humeza maneno, basi yeye alisema jambo la uongo kwa makusudi, kwa sauti ya kujiamini, kisha akangoja.

"Naona hapa ndipo palipokuwa na kambi ya ng'ombe ya ukoo wa kule juu," alimwambia mzee mmoja karibu na Suneka.

"Nani kakwambia?" Mzee alifoka. "Egesarate ya kule juu? Hapa? Hapa palikuwa petu! Mimi mwenyewe nililala hapa na vijana wenzangu tukilinda ng'ombe, kabla serikali haijatukataza." Akachukua fimbo, akatuongoza kwenye vichaka, akatuonyesha lango lilipokuwa, mahali pa moto, na mahali alipouawa rafiki yake kwa mkuki. Alisimama hapo muda mrefu. Mwalimu aliandika kila neno, kisha akamwomba radhi kwa kukosea.

Siku hiyo hiyo nilijitia aibu. Nilitaka kumshukuru yule mzee kwa heshima, nikamwita "Baba." Wajukuu zake walianguka chini kwa kicheko. Nilisahau kwamba katika Ekegusii baba ni mama, na kwamba mwanamume wa makamo yake huitwa tata. Mwalimu alicheka mpaka akajifuta machozi. Ni mara chache nilimwona akicheka hivyo.

Alikuwa mtu wa misheni, hagusi pombe, lakini aliweza kukaa alasiri nzima na wazee wanaonyonya pombe ya wimbi kwa mirija mirefu, yeye akiwa na kibuyu chake cha maji, kwa kuwa wazee hao ndio waliokumbuka njia ya tembo. Aliwafahamu chui wa Manga mmoja mmoja kwa nyayo zao na hakuwaogopa, ila ng'ombe akimtazama sana aliniweka mimi mbele. Darasani, nasikia, alikuwa mkali wa kutisha. Lakini msimu wa korongo kutaga aliwapeleka wanafunzi wake bondeni, akawaapisha mmoja mmoja kwamba hawatachukua mayai.

Na hakuweza kusema uongo. Ule uongo wake kwa wazee hakuuhesabu, maana ulidumu dakika moja na ulileta ukweli. Nje ya huo hakuweza hata kidogo, hata ule wa adabu ambao sote tunauhitaji ili tuishi pamoja. Mshono ukipinda, aliniambia umepinda mbele ya wateja. Kulikuwa na mzee mmoja njia ya Nyamira aliyehifadhi mkuki juu ya kitanda, mkuki wa babu yake, na sifa zake zote alizitoa katika mkuki huo. Alituteremshia tuushike. Mwalimu aliugeuza, akaukagua shinani, akasema, "Mzee, huu haukufuliwa na mhunzi wetu. Huu umetoka kiwandani. Umenunuliwa dukani."

Mzee alimtazama. Kisha akaingia ndani na hakutoka tena. Tuliondoka.

Jioni hiyo tulikula kwa Mwalimu, na Mama Mwalimu, mkewe, alipoyasikia hayo aliweka sufuria chini. "Ungemwachia mkuki wake," alisema.

"Ni wa dukani."

"Nimesikia. Ungemwachia."

Mwalimu hakuelewa. Ninasema hivi kwa kuwa watu wengine baadaye walisema alikuwa na kiburi. Hakuwa na kiburi. Aliamini kwamba ukweli ni kama maji ya kunywa, humpi mtu kidogo eti kwa kumwonea huruma.

Lakini miaka ile ilikuwa inamkaba. Jumamosi baada ya Jumamosi tulikuta pengo mahali palipokuwa na kitu. Mbega waliokuwa wakirukaruka juu ya Gucha walipungua msitu ulipokatwa kupisha mashamba, na siku moja tulimkuta mmoja peke yake juu ya mti mmoja uliobaki katikati ya mahindi, ananguruma na hakuna wa kumjibu. Shemeji alijaribu kumjibu. Yule mbega alinyamaza, akatutazama, akapanda juu zaidi. Mwalimu alikaa chini akajiinamia. Bonde la korongo taji lilichimbwa mitaro, likapandwa mikaratusi, na maji yakakauka. Aliandika barua kwa maofisa, barua tatu, kwa mwandiko wake wa ubaoni. Hakujibiwa. Alirudi bondeni kila juma, akawa anarudi hata baada ya korongo wa mwisho kuondoka.

"Hawa ndege walikuwa hapa kabla ya sisi," alinikaripia, kana kwamba mimi ndiye niliyechimba. "Na hakuna mtoto atakayejua. Hakuna hata mmoja!"

Kadiri vitu vilivyotoweka ndivyo alivyong'ang'ania majina na habari zake. Alianza kutembea kwa haraka, jambo ambalo hakulifanya kabla. Wazee walikuwa wanakufa. Tulifika nyumba fulani tukakuta matanga ya mtu tuliyekusudia kumwuliza. Mwalimu alilia kama mfiwa, na nadhani alikuwa mfiwa kweli.

Sasa niseme habari ya ukuta.

Chini ya mwinuko wa Manga, katika shamba la Shemeji, kulikuwa na duara la mawe lililozama katika nyasi, na ndani yake migomba. Shemeji aliyakuta, baba yake aliyakuta. Mwalimu aliyapenda mawe yale kuliko kitu chochote. Alimtafuta mtu wa kumweleza, hadi akampata bibi mmoja, kikongwe asiyeona tena, aliyezaliwa ndani ya ukuta huo. Tulimleta, tukamwongoza kwa mkono. Aliyapapasa mawe, akalia kidogo, kisha akasimulia. Ukuta ulijengwa na watu wa ukoo ambao sasa unakaa ng'ambo ya mto. Ng'ombe wao walikufa kwa ugonjwa, wakahama. Kabla ya kuhama walimkaribisha mtu mmoja aliyekimbia njaa na watoto wake, wakampa mahali pa kukaa. Mtu huyo alikuwa babu yake Shemeji.

"Kumbe mimi ni mgeni!" Shemeji alicheka. Alichoma mahindi, tukala pale pale ndani ya duara, bibi katikati yetu akitafuna punje laini tulizomchagulia. Mwalimu aliandika. Ilikuwa Jumamosi nzuri. Ardhi wakati huo haikuwa bado kitu cha kugombaniwa kwa hatua za miguu.

Vita vilikuja vikaisha. Vijana waliorudi walitaka mashamba. Kahawa ilianza kupandwa, na kila mtu akaanza kuitazama mipaka yake na ya jirani. Watu wa ng'ambo ya mto wakamshtaki Shemeji katika korti ya wazee: ardhi ile ni yao, babu zao waliijenga, yeye ni mgeni aliyekaribishwa. Yule bibi alikuwa amekwisha kufa. Lakini habari husafiri, na walijua kuna mwalimu aliyeandika.

Shemeji alikuja dukani kwangu asubuhi, mabega yameshuka. Hakuketi.

"Waliomsikia bibi ni watatu," alisema. "Mimi, wewe, na Mwalimu. Mimi ni mshtakiwa. Fundi, sikuombi umwambie adanganye. Namjua. Aseme tu hakumbuki vizuri. Neno hilo moja."

"Nitamwambia."

"Mwambie mama yangu amezeeka. Atakwenda wapi?"

Nilikwenda siku hiyo hiyo. Nilimkuta Mwalimu mezani na madaftari yake, na Mama Mwalimu amesimama mlangoni. Nilieleza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nikisema sikumbuki," aliniuliza, "basi ile miaka yote tuliyotembea tulikuwa tunafanya nini?"

"Tulikuwa tunatembea, Mwalimu."

"Hapana. Sikiliza. Nitasema yote. Kwamba walijenga, ndiyo. Na kwamba walimkaribisha babu yake kwa mikono yao wenyewe, wakampa. Wazee wa korti wataheshimu ukaribisho. Ukweli wote utamlinda. Nusu yake ndiyo ya hatari."

"Sema hukumbuki," Mama Mwalimu alisema kutoka mlangoni.

"Mama watoto, ukweli wote..."

"Mama yangu analala pale. Sema hukumbuki."

Mwalimu alifungua daftari, akaanza kusoma tena yale maneno ya bibi, kidole kikifuata mstari kama mtoto wa darasa la kwanza.

Kortini waliniita mimi kwanza. Niliapishwa kwa dini yangu. Waliniuliza bibi alisema nini kuhusu mawe. Nilisema mimi ni mtu wa mjini, Ekegusii changu ni cha sokoni, bibi aliongea Ekegusii cha kale na mdomo hauna meno, sikuelewa vizuri. Watu walicheka kidogo. Nilikuwa nimeelewa kila neno. Nilirudi kuketi, na nikaona Mwalimu ananitazama jinsi alivyoutazama ule mkuki.

Kisha akasimama yeye. Alizungumza kwa utaratibu, kwa sauti ya darasani, akasema yote, mwanzo hadi mwisho, ukuta na ng'ombe na njaa na ukaribisho. Alipofika kwenye ukaribisho aliinua sauti. Wazee walimsikiliza kwa heshima kubwa. Walimshukuru. Wakaingia kushauriana, na hawakukawia. Walisema aliyekaribishwa hukaa kwa hisani ya mwenyeji, na sasa mwenyeji ana wana wengi. Shemeji avune wimbi wake, kisha aondoke.

Mwalimu alibaki amesimama. "Hamkusikia nusu ya pili," alisema. "Nimesema nusu ya pili!" Karani alimwomba aketi. Alirudia maneno hayo mara tatu au nne, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, mpaka mtu akamshika mkono akamtoa nje.

Siku ya kuhama nilikwenda kusaidia kubeba. Mama yake Shemeji alikataa kutoka. Alikaa juu ya kaburi la mumewe lililo kando ya nyumba, akashika nyasi kwa mikono miwili. Hakupiga kelele. Kila walipomwinua alizishika tena. Mwisho walimketisha kitini, wanaume wanne wakainua kiti, na nyasi zikang'oka naye.

Sasa, kwa Wakisii mwanamume hamkaribii mama mkwe wake. Hamshiki, hamwangalii usoni, hukaa mbali kwa heshima. Mwalimu alikuwa amekuja. Hakuthubutu kuingia bomani, na hata angethubutu mila ilimfunga mikono. Kiti kilipopita barabarani alirudi nyuma mpaka kwenye ukingo wa shamba, akageuka, akasimama ametupa mgongo. Mama yake Shemeji alipitishwa juu ya mabega ya watu, mikono imejaa nyasi, na mkwewe amegeukia migomba, mabega yake yanapanda na kushuka. Mama Mwalimu alikuwa nyuma ya kiti na kapu lake kichwani. Alimpita mumewe bila kusimama. Hakurudi tena nyumbani kwa mumewe.

Walikwenda mbali, upande wa Nyamarambe, mahali Shemeji alipopata kipande cha kukodi. Kabla mvua hazijaisha, mama yao alikufa. Walimzika huko.

Kilichofuata sitakisahau. Nilidhani watu watamchukia Mwalimu, na wachache walimchukia. Wengi walimtafuta. Walifurika kwake, kila mtu na kesi yake, wamebeba kuku, wamebeba siagi, wengine usiku wasionekane na jirani. Mwalimu, si uliandika babu yangu alikaa wapi? Mwalimu, ule mti wa mpaka, si wazee walikuonyesha? Milima yote aliyoitembea kwa mapenzi sasa ilimjia mlangoni ikitaka ushahidi. Alifunga mlango. Waliita dirishani. Akaacha kuja kwangu kushonesha mifuko. Akaacha na shule.

Nilisikia ametembea tena, peke yake, siku yoyote ya juma, na nilifurahi kidogo. Kisha mteja mmoja akaniambia mwalimu yule amerukwa na akili, anavuruga mawe. Nilifunga duka nikamfuata.

Nilimkuta upande wa juu wa Suneka, kwenye ukuta mwingine wa kale, ambao zamani alitukataza hata kuukalia. Alikuwa amevua shati. Alikuwa anang'oa mawe kwa wenzo wa mti na kuyaviringisha mtoni, moja moja, na kucha zake zilikuwa zimetoka damu. Nusu ya ukuta ilikuwa imekwisha.

"Mwalimu! Unafanya nini?"

"Lete mkono, Fundi. Hili ni zito."

"Huu ni ukuta wa..."

"Usiseme!" Alinigeukia kwa ukali. "Usiseme ni wa nani. Ulikuwa na bahati, wewe hukuelewa Ekegusii. Kaa hivyo hivyo."

Nilistahili hilo. Nilisimama.

"Nimechoma madaftari," alisema. Alikuwa anahema. "Nilidhani inatosha. Lakini mtu yeyote mwenye macho atayaona mawe haya na kuuliza, na atakayeuliza atampata wa kumjibu, na atakayejibiwa atamfukuza mwenzake. Kuna kuta nyingine. Nazijua zote. Nani anazijua zote isipokuwa mimi? Fundi, nisaidie. Sina nguvu ya kuzimaliza."

Alilia akisema hivyo, na huku anasukuma. Nifanye nini? Nilivua koti langu, nikalitundika kwenye kichaka, nikashika upande wa pili wa jiwe. Tulifanya kazi mpaka adhuhuri. Mawe yalikuwa yamepangwa na watu wenye ustadi, hayakutaka kutoka. Chini ya jiwe moja tulikuta kipande cha jembe la kale la chuma, na niliona mkono wake ukienda kukichukua wenyewe, kama mkono wa mlevi kwenye mrija. Alikishika. Akakitupa mtoni. Akainama pembeni akatapika.

Baada ya siku hiyo alitoweka. Nyumba yake ilianguka. Wengine walisema amekwenda mashamba ya chai, wengine wakasema amekufa. Miaka ikapita.

Nilimwona tena mara moja, miaka ya hamsini ikiwa imesogea, nilipokwenda soko la Nyamarambe kuuza nguo za watoto. Alikuja mwenyewe mbele ya turubai langu. Nywele nyeupe, kaptula imetiwa kiraka na mtu asiyejua kushona. Hakusema salamu nyingi.

"Umemaliza kuuza?"

"Karibu."

"Basi twende."

Tulitembea. Alitembea bila kuangalia kulia wala kushoto. Ndege mmoja alilia karibu kabisa, na sikuona hata shingo yake ikicheza. Tulivuka kijito, sikuuliza jina lake, naye hakulitaja.

Tulifika kwenye shamba la mteremko, na upande wa pili wa shamba nikamtambua Shemeji, mwembamba, amezeeka, analima. Ndipo Mwalimu alinieleza. Alikuja huko miaka miwili nyuma. Shemeji hakumfukuza na hakumkaribisha. Mwalimu alijijengea kibanda njiani. Kila asubuhi huchukua jembe, huanza mstari upande wake, na Shemeji huanza wake. Hawajasemezana neno. Mchana Mama Mwalimu huleta uji, huweka kibuyu chini katikati ya njia, huondoka.

"Haongei nawe kabisa?"

"Na mimi sijamwongelesha. Nitamwambia nini?"

Alikaa ukingoni, jembe mapajani, akanitazama. Ndipo nikaona kwamba hakunileta kuniamkia.

"Fundi, yule bibi. Siku ile ndani ya mawe. Alisema nini hasa?"

Niliangalia jembe lile mapajani mwake.

"Daftari nilichoma," alisema upesi upesi. "Nimejaribu kukumbuka sauti yake, haiji. Huenda hakusema walijenga wao. Huenda alisema walikuta. Alikuwa hana meno, wewe mwenyewe ulisema kortini. Huenda nilisikia vibaya. Ulikuwepo. Niambie."

Nimeifikiri dakika ile maisha yangu yote yaliyobaki. Kama ningemwambia alisikia vibaya, angekuwa amemfukuza mama mkwe wake kaburini kwa mumewe kwa kosa la sikio. Kama ningemwambia alisikia sawasawa, basi ukweli wenyewe ndio uliofanya yale yote, na hakuna wa kulaumiwa wala wa kusamehewa. Nilitafuta usoni mwake alitaka lipi. Yeye ambaye maisha yake yote hakumwachia mtu mkuki wa dukani, alikuwa ananiomba kwa macho, na sikujua ananiomba nini.

"Ulisikia sawasawa," nilisema. "Mimi pia nilisikia. Walijenga wao, na wakamkaribisha babu yake. Nilielewa kila neno. Kortini nilidanganya."

Alitikisa kichwa polepole, mara nyingi. "Basi," alisema. "Basi." Machozi yalimtoka bila sauti, na hakuyafuta.

"Nikamwambie Shemeji kwamba nilidanganya?"

"Alikuwepo, Fundi. Anajua tangu siku ile." Alijiinua kwa kuegemea mpini. Alirudi kwenye mstari wake alipouacha, akainua jembe, akalishusha, na ilikuwa dhahiri kwamba siku hiyo hataumaliza.

Shemeji alikuwa amefika mwisho wa mstari wake mwenyewe. Hakutuangalia. Alipangusa uso kwa kiwiko, akasogea upande, akaingia katika mstari wa Mwalimu kutoka mwisho wa pili, akaanza kulima kuja kwetu.